Fikasi ya miaka 9 nataka matawi yaning'inie: nitumie waya, kamba, au nikate nianze upya?

MamaKijani (Tanga): Habari zenu wadau. Nina bonsai (mti unaodumazwa chunguni) ya fikasi benjamina, jamii ya mkuyu, nimeilea miaka 9 tangu ilipokuwa kijiti tu nilichokichomeka kwenye kopo, sasa hivi ina sentimita 60 toka kwenye udongo mpaka kileleni, shina limenenepa vizuri na mizizi ya juu imeshika chungu kama vidole. Shida ni matawi, yote yamesimama juu kama fagio la kupunga utando wa buibui. Nataka niibadilishe iwe ile ya kuning'inia, Wajapani wanaiita shidare, matawi yanamwagika chini mpaka yanakaribia kugusa chungu. Nimefikiria njia tatu: kuzungushia waya kila tawi, kuvuta kwa kamba, au kukata matawi yote nianze na machipukizi mapya. Naogopa kuiua maana nimeizoea kama mtu wa nyumbani. Nyie mliowahi mngechagua ipi?

Waya_Shaba: Waya dada, wala usihangaike. Kamba inavuta tawi zima kuanzia shingoni kwenye shina, matokeo yake mti unakuwa kama mwavuli uliofungwa, matawi yamebana shina. Mti wa kuning'inia tawi lake linaanza kwa kupanda juu kidogo, linapinda, ndo linashuka. Huo mpindo utaupata kwa waya tu.

Mi natumia shaba ya waya wa umeme, ule wa uzi mmoja. Ule unaouzwa kama wa 2.5 (milimita za mraba) una unene kama milimita 1.8 hivi, wa 1.5 ni kama milimita 1.4. Unamenya plastiki yote kwanza, usiichome, halafu unaweka shaba kwenye jiko la mkaa jioni giza linapoingia ili uone rangi vizuri. Ikiwa nyekundu hafifu unaitoa inapoa. Hapo inakuwa laini kabisa, unaizungusha kwenye tawi kwa mshazari wa digrii 45, na ukishaikunja inakaza yenyewe na kubaki ulivyoiweka. Kwa hiyo usiichezee chezee mkononi kabla, itakaza bure.

Kivuli_cha_Mkwaju: Nakubaliana na mkuu kuhusu mpindo ila kamba msiidharau. Tawi likishakuwa nene kama kidole gumba, hiyo shaba ya 1.8 hailifanyi kitu, na ukilazimisha linapasuka pale chini kwapani. Mi hukata mpira wa tyubu ya baiskeli kipande kidogo, naweka juu ya tawi, kamba inapita juu ya mpira isilikate, chini naifunga kwenye waya uliozunguka chungu. Kila baada ya wiki mbili nakaza kidogo tu. Tawi nene vuta kwa kamba, vitawi vyake vizungushie waya.

Waya_Shaba: Hiyo ya kuchanganya sawa, sina ubishi.

Dadake_Botolibrashi (Nairobi): Mimi ningekata nianze upya. Matawi ya miaka yote hiyo yamenyooka yakiwa magumu, hata ukiyainamisha yataonekana yamelazimishwa. Chipukizi la mwaka huu linainama bila kelele. Ya kwangu ni botolibrashi, ile ya Australia ambayo kwa asili yake inainama, nilikata karibu yote baada ya maua na ikatoa matawi mapya mengi sana. Kitu kimoja tu, maua yake hutoka kwenye ncha, ukipunguza ncha kila mara hupati ua hata moja.

Kivuli_cha_Mkwaju: HAPANA kwa benjamina!! Samahani kwa herufi kubwa lakini hili limenigharimu. Fikasi nyingine unaweza kuikata ibaki kisiki na ikachipua kila mahali, benjamina haina huo uhakika, tawi ukilivua majani yote mara nyingi linakauka kurudi nyuma mpaka kwenye shina. Ya kwangu nilikata matawi sita siku moja nikajiona fundi, yakarudi mawili. Nilikuwa naikwaruza gome kwa ukucha kila asubuhi natafuta kijani, nakuta kahawia tu. Kama lazima ukate, kata mbele ya majani, acha hata mawili matatu kila tawi, na usibadilishe udongo msimu huohuo.

Mvinje_Pwani (Mombasa): Mama, hakuna aliyekutajia shida kubwa ya mtindo huu nayo huja baada ya kuinamisha. Nguvu ya mti hukimbilia juu siku zote. Tawi likishuka, ncha inadhoofika, halafu pale mgongoni kwenye mpindo yanatoka machipukizi yamesimama wima na yana nguvu kweli. Ukiyaacha yote, chakula kinaishia hapo na ile ncha uliyoihangaikia inapukutisha majani mpaka inakauka. Kwa hiyo kila mwezi unapita, unang'oa mengi, unaacha moja mahali pazuri lirefuke nalo uliinamishe, maana baada ya miaka kadhaa ndilo litachukua nafasi ya lile la zamani.

Na huku pwani kwenye joto na mvua, fikasi inanenepa upesi. Waya unaweza kuanza kula gome ndani ya wiki tano sita. Uukague kila wiki, na kuutoa usiufungue kwa kuuzungusha, ukate vipande vipande kwa koleo.

Mimi mwenyewe nilihamia kwenye mvinje, ule mti wa ufukweni. Vile vinavyoonekana kama sindano si majani, ni vitawi vyembamba vya kijani vyenye viungo, ukivuta taratibu vinaachana kwenye kiungo bila mkasi, na vinaning'inia vyenyewe. Lakini mvinje nao usikate mpaka kwenye sehemu ya zamani ya tawi isiyo na kijani, huenda usichipue. Kama unapenda umbo hili sana, lea mche wa mvinje pembeni huku fikasi ikiendelea taratibu.

MamaKijani (Tanga): Asanteni sana, mmeniokoa, maana mkasi nilishaunoa. Nimehesabu leo, matawi makuu ni saba. Matatu manene navuta kwa kamba na mpira wa tyubu, manne membamba waya, nayapandisha kwanza ndo yashuke. Kukata hakuna, nitapunguza tu yale yanayokingamana katikati na majani naacha. Swali la mwisho, kilele nacho nikiinamishe?

Mvinje_Pwani (Mombasa): Kiache kwanza kisimame mama. Ukikiinamisha pamoja na matawi, mti mzima utakosa pa kupeleka nguvu na utapata msitu wa machipukizi mgongoni. Matawi yakishika umbo na waya ukatoka, ndo ushughulike nacho.

Waya_Shaba: Na piga picha kabla hujaanza dada, upande ule utakaokuwa wa mbele.