Punguzo la asilimia 55 kwa duka la mtandaoni: mnabaki na nini?

KurasaChache
Wadau, habari zenu. Naendesha kampuni ndogo ya vitabu, mimi na mhariri mmoja, mashairi na hadithi fupi. Duka kubwa la mtandaoni limekubali vitabu vyetu kwa punguzo la asilimia 55 ya bei ya jalada. Tuseme kitabu ni dola 20: wao 11, mimi 9. Kuchapa nakala 5.50, mrabaha wa mwandishi asilimia 10, yaani dola 2. Inabaki 1.50. Halafu kuwafikishia ni juu yangu, na oda zao zinakuja nakala mojamoja. Posta inakula dola 4 kwa bahasha. Kila nakala inayouzika naongezea 2.50 mfukoni mwangu. Waandishi wanataka waonekane huko na wana haki. Nyie mnafanyaje?

GundiNaUzi
Mkuu, anzia kwenye mkataba wa mwandishi. Mrabaha wako unahesabiwa kwa bei ya jalada. Mimi nalipa kwa fedha iliyonifikia: asilimia 10 ya 9 ni senti 90. Simnyonyi mtu, maana nakala ninazouza mwenyewe namlipa asilimia kubwa zaidi. Kaa na mwandishi, mwekee hesabu yote mezani, atakuelewa.

Hiyo posta ndiyo inayokuua. Wakikataa kukusanya oda, hamia kuchapa kwa oda, yaani nakala inachapwa mteja akishanunua. KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, kitabu cha jalada laini cha kuanzia dola 9.99 unapata asilimia 60 ya bei, wanakata gharama ya kuchapa, basi. Hakuna ghala, hakuna bahasha. IngramSpark, huduma nyingine ya kuchapa kwa oda, unapanga punguzo la maduka mwenyewe ndani ya mipaka yao, na unachagua kama unapokea marejesho, yaani nakala ambazo duka linakurudishia. Weka HAPANA. Kuna duka lilinirudishia boksi zima: pembe za majalada zimekunjika, stika ya bei imebanduliwa ikaondoka na rangi ya jalada. Nakala hizo humuuzii mtu, na fedha yao walikata yote. Mpaka leo inaniuma.

PichaNaHadithi
Kwa vitabu pepe, angalieni uzito wa faili. KDP inatoa asilimia 70 kwa bei ya dola 2.99 hadi 9.99, lakini kwenye Amazon.com inakata kwanza senti 15 kwa kila megabaiti. Kitabu cha watoto chenye picha, megabaiti 20, bei 4.99: dola 3 zinakwenda, unapata asilimia 70 ya kilichobaki, kama 1.39. Ukichagua asilimia 35, isiyo na makato hayo, unapata 1.75. Kwa mashairi matupu hayo hayakuhusu, faili ni jepesi.

KurasaChache
Nashukuru sana. Tatizo langu kwenye kuchapa kwa oda ni jalada gumu na kushona kwa uzi. Tumejenga jina kwa hivyo vitu, siko tayari kuviacha.

GundiNaUzi
Usiviache. Toleo la jalada gumu liuze kwako tu, kwa bei kamili. La jalada laini ndilo liende mtandaoni, na lipe ISBN yake (namba ya utambulisho wa kitabu), maana ni toleo jingine. Ila bei yake ianzie kwenye kinachokubakia baada ya makato, ndipo upande juu. Tuma idadi ya kurasa na vipimo vya kitabu hapa, tupige hesabu pamoja.