Hema au bembea: msafiri wa baiskeli alale wapi?

Mwanzisha mada, Lang'ata
Wadau, ubishi umezuka tena kwenye kundi letu la baiskeli. Tukishuka Magadi, tubebe hema au hizi bembea za kulalia zinazofungwa mitini? Vijana wamezipenda, wanasema ni nyepesi na mtu halali juu ya mawe. Mimi kwa barabara hiyo nasema hema.

Nairobi hadi Magadi ni kama kilomita 110. Ukishapita Kiserian na kuimaliza Kona Baridi, unateremka Bonde la Ufa, joto linapanda na miti inazidi kuwa mifupi. Pale Olorgesailie, penye shoka za mawe za watu wa kale, migunga mingi matawi yanaanzia chini na miiba ni kama sindano. Bembea inataka miti miwili imara, iliyoachana mita nne au tano, katikati peupe. Ukiipata huko angalia vizuri, mmoja huenda ni nguzo ya stima.

Na mwenye gari huchagua pa kulala. Sisi tunachaguliwa na miguu na pancha. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na giza letu halina subira. Saa hiyo nani ataanza kuzunguka na tochi akipima miti?

Wa Rongai
Mzee, umeongea miti ukasahau ardhi. Huko chini ni mawe ya volkano, kigingi unakigonga mpaka kinapinda. Miiba unayoisema nayo huanguka, inatoboa sakafu ya hema na godoro la upepo. Halafu joto! Ziwa Magadi liko kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Ndani ya hema unatokota, mwenzako kwenye bembea anapigwa na upepo juu na chini.

Dada wa Kasarani
Huo upepo wa chini nenda nao Naivasha, karibu mita 1,900, kisha uniambie saa tisa usiku. Mfuko wa kulalia hukupa joto kwa sababu umevimba. Ukiulalia kwenye bembea, upande wa mgongo unagandamizwa unabaki kitambaa tu. Itabidi ubebe mkeka wa povu. Ongeza chandarua, turubai la mvua, mikanda ya kufungia, ndipo uje na habari za wepesi. Wekeni kwenye mizani, jamani. Hema langu la mtu mmoja halifiki kilo mbili.

Na kuna jambo wanaume hamligusi. Nikifika nimelowa jasho nabadilisha nguo wapi? Kwenye hema nafunga zipu, basi.

Wa Umoja
Naivasha bembea ina haki yake. Ile migunga ya gome la manjano kando ya ziwa ni minene na imeachana vizuri. Lakini tumieni mikanda mipana. Kamba nyembamba inakula gome, na kuna mwenye kambi alitukataza kabisa kwa sababu ya waliotutangulia. Na viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi. Hema au bembea, vyote ni kitambaa, kwa hiyo lala ndani ya uzio.

Mwanzisha mada
Rongai, hema linalosimama kwa fito zake halikudai kigingi. Tupa mikoba ndani, halitapeperuka. Mvua isipokuwepo toa kifuniko cha juu, ubaki na wavu, upepo utaupata. Miiba kweli ni shida: fagia kwa tawi, tandika turubai kuukuu chini, na bado mmoja utapenya.

Naivasha nawaachia. Ila jibu hili: tukishuka Magadi wanane, na miti inayofaa ni miwili, itakuwaje?

Wa Rongai
Waliochelewa kwenye mteremko walale chini.

Dada wa Kasarani
Wewe ndiye huwa wa mwisho.