Naombeni ushauri: bia yangu ya ngano imenyamaza siku ya nne

Kijana wa Tudor
Shikamooni wakubwa, na walio rika langu hamjambo. Niko Tudor, Mombasa, na hii ni mara yangu ya kwanza kupika bia ya ngano nyumbani. Binamu yangu baharia alishuka na mzigo kutoka Hamburg: kimea kilo 5, nusu ngano nusu shayiri, hopsi kidogo (yale maua makavu ya kuipa bia uchungu) na pakiti ya hamira yenyewe ya bia ya ngano. Nimepika lita 20. Niliroweka kimea saa nzima kwenye maji ya nyuzi 66, nikachuja, nikachemsha saa nyingine na hopsi, nikapoza, nikatia hamira kwenye ndoo yenye kifuniko na mpira wa kutolea hewa. Siku mbili za mwanzo ilitokota mpaka usiku naisikia. Siku ya nne, kimya. Hamira imekufa ama kazi imekwisha? Nijibuni leo tafadhali, nina sababu.

Mama Busaa
Mwanangu, hamira haifi hivihivi. Mimi kwetu ni bara, mamangu alikuwa akipika busaa ya mahindi na kimea cha wimbi, na alijua imeiva kwa kunusa tu. Siku moja shangazi alikoroga na mwiko uliopakwa mafuta, wageni wakanywa nusu wakaacha. Mpaka leo hawasemezani vizuri. Vyombo visafi, hilo ndilo la kwanza.

Fundi Mikindani
Kunyamaza si kukwisha. Hamira hiyo inapenda nyuzi 17 hadi 22. Chumba cha Mombasa bila feni ni 30. Inakimbia mbio siku mbili, halafu inapunguza mwendo, lakini sukari bado imo. Joto hilo pia linakupa harufu ya ndizi kupita kiasi, ile ya karafuu inafunikwa, na kichwa kitakuuma asubuhi. Pima kwa haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki. Ikisoma vilevile siku tatu mfululizo, imekwisha. Ulianza na ngapi?

Kijana wa Tudor
Haidromita sina. Nimeonja, utamu umepungua sana. Hiyo haitoshi?

Abu Swafaa
Ndugu yangu, sikuchukii na sikuhukumu. Lakini kileo ni kileo, kiwe cha ngano ama cha mnazi. Una mikono mizuri na subira ya kupima nyuzi 66. Mikono hiyo ingepika sharubati ya ukwaju ukauza Mwembe Tayari na ukalala usingizi. Mwaga, utubu.

Mgema Mstaafu
Abu Swafaa, tumekusikia. Mimi nimegema Rabai miaka kumi na tisa. Tembo la mnazi la asubuhi ni tamu, hata mtoto angelitamani. Adhuhuri linauma ulimi, jioni linaangusha mtu. Hakuna hamira ya pakiti, linachachuka lenyewe tangu likiwa juu ya mnazi. Na hatulizibi hata siku moja. Mwaka mmoja mteja alitaka kulipeleka Voi kwa basi, akalikaza ndani ya chupa ya plastiki. Wanasema lilipasukia Mariakani, abiria wote wakanuka matanga.

Wakili Mdogo
Mimi naongeza la sheria, maana hakuna aliyeligusa. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile watu wanayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, inataka leseni kutengeneza kileo na inataka leseni kukiuza. Usijidanganye kwamba jikoni kwako ni kisiwa. Kama kuna mtu ataipokea kwa pesa, hilo ni tatizo la pili juu ya la kwanza.

Fundi Mikindani
Kijana, umesema una sababu ya haraka. Sababu gani? Na ndoo iko wapi sasa hivi?

Kijana wa Tudor
Ndoo iko jikoni.

Fundi Mikindani
Na bia?

Kijana wa Tudor
Sawa. Iko chupani. Niliijaza juzi, siku ileile ya nne ilipokaa kimya. Chupa 38 za nusu lita, vijiko viwili vya chai vya sukari kila moja ili ipate povu. Jana usiku moja ilipasuka. Ni moja tu jamani, nadhani ilikuwa na ufa tangu dukani. Zilizobaki nimezifunga blanketi nikazisukuma chini ya kitanda, huko ni baridi kidogo. Zina mwenyewe. Jumamosi kuna sherehe Nyali na nimeshapokea shilingi 3,000. Siwezi kumwaga. Nilichotaka kujua ni kama zitatulia zenyewe.

Mama Busaa
Chini ya kitanda cha nani?

Kijana wa Tudor
Changu. Tunalala chumba kimoja, mimi, mke wangu na mtoto wa miaka miwili. Lakini nimezifunga blanketi.

Fundi Mikindani
Chupa za nini?

Kijana wa Tudor
Za juisi, za kioo, zile nyembamba za kuzungusha kizibo. Nilizipata Kongowea kwa bei nzuri.

Jicho la Kisauni
Mimi nasimamisha uzi hapa. Huyu anatuchezea. Mwanzo kauliza hamira imekufa ama la, kama kwamba bia iko ndooni. Sasa iko chupani tangu juzi. Mwanzo hakuna sherehe, sasa kuna sherehe, kuna pesa, kuna mtoto kitandani. Kesho kitanda kitaungua. Na kimea cha ngano kilo 5 ndani ya begi la baharia? Hadithi hizi tumezisoma. Watu wanaacha kazi zao kumshauri mtu aliyejitungia.

Mgema Mstaafu
Hata mimi naanza kushuku. Juzi hapa kulikuwa na mwingine aliyefuga mamba Mtwapa.

Abu Swafaa
Kama ni uongo, basi ni afadhali kuliko ukweli wake.

Mama Busaa
Na kama ni kweli mnamcheka huku mtoto amelala juu ya vioo?

Jicho la Kisauni
Basi ajibu swali moja. Ulichuja vipi?

Kijana wa Tudor
Wallahi sijatunga. Kuchuja ndiko kulikonitesa. Chujio liliziba kabisa, likawa kama uji mzito. Nilihamia kitambaa cha kuchujia tui, nikakamua kidogokidogo karibu saa mbili, mikono ikaniungua. Sikuwaambia kuhusu chupa kwa sababu nilijua mtasema mwaga. Nimekaa wiki nzima na kitu hiki. Ni kitu cha kwanza mwaka huu nimekianza nikakifikisha mwisho.

Fundi Mikindani
Jicho, huyu kapika. Punje ya ngano haina ganda kama la shayiri, kwa hiyo ikilowa inashikana na maji hayapiti. Wenye kujua wanachanganya pumba za mpunga ili maji yapate njia. Mtu wa kutunga asingejua kwamba hapo ndipo mkono unapoungua.

Sasa Kijana, nisikilize, sina hasira na wewe. Bia ya kawaida inatiwa sukari gramu 6 hadi 8 kwa lita wakati wa kujaza chupa. Wewe umetia karibu gramu 16, juu ya bia ambayo haikuwa imemaliza. Kila nukta moja ya sukari inayobaki kwenye haidromita inaongeza takriban nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Zikibaki nukta nane tu, ni lita nne za gesi juu ya ile ya sukari yako. Chupa ya juisi haikutengenezwa kubeba hata robo ya mzigo huo. Ile ya jana haikuwa na ufa. Ndiyo ilikuwa dhaifu kuliko wenzake. Hazitulii zenyewe, zinapanda.

Kijana wa Tudor
Kwa hiyo hata nusu siwezi kupeleka Nyali?

Fundi Mikindani
Hata moja. Utampa mtu bomu mkononi na atalifungua mbele ya wageni wake.

Mama Busaa
Mtoto kwanza. Mpeleke kwa bibi yake sasa hivi, mengine baadaye.

Fundi Mikindani
Hamira inalegea kwenye baridi. Nunua barafu ya samaki, jaza beseni kubwa uani. Vaa shati zito la mikono mirefu, glavu, na miwani ya fundi wa kuchomelea. Usiziburute, nyanyua moja moja na blanketi lake. Ziache kwenye barafu mpaka zipoe kabisa, kisha fungua kila moja chini ya taulo, kizibo kidogokidogo, uso pembeni.

Jicho la Kisauni
Niko Kisauni, si mbali. Miwani ya kuchomelea ninayo. Nitumie mahali ulipo kwa ujumbe wa faragha. Na nisamehe.

Kijana wa Tudor
Mtoto yuko kwa bibi yake. Mwenye sherehe nimempigia, nimemwambia nitamrudishia pesa zake kesho, amekasirika. Jicho amefika. Tumefungua kumi, ya saba ilirusha povu hadi kwenye mabati. Inanuka ndizi kama Fundi alivyosema. Zimebaki 27.

Fundi Mikindani
Ongezeni barafu kabla ya kuendelea. Na msizishike shingoni.