Mbwa anakataa gari na tunahamia Kolwezi: nimzoeze, ninunue kizimba au nimpe kidonge?

Kitoko_BelAir
Jambo yenu wote. Kazi imenipata Kolwezi, tunahama na vyombo vyote. Shida yangu ni mbwa. Akisikia tu mlango wa gari unafunguliwa, mkia unaingia katikati ya miguu na yeye anaingia nyuma ya pipa la maji, humtoi. Mke wangu anasema tumzoeze polepole. Shemeji anasema tununue kizimba. Sentineli wetu, mlinzi wa geti, yeye anasema kidonge kimoja, analala Lubumbashi anaamka Kolwezi. Kipi bora? Nataka kukata shauri wiki hii.

Mwana_Kamalondo
Ndugu yangu, umeuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitenge bila kusema anataka vipande vingapi. Mbwa ana umri gani? Mkubwa au wa mkononi? Gari gani? Mnaondoka lini? Anatapika, au ni woga tu? Amekwisha kupanda gari mara ngapi? Jibu hayo kwanza.

Yaya_Mado
Kizimba. Mimi nina mbwa wawili na sirudi nyuma. Watu wanafikiri ni jela, kumbe ni chumba chake. Unakiweka sebuleni mlango ukiwa wazi, unamlisha humo, unatandika shuka lenye harufu ya nyumbani, na siku ya safari anasafiri na chumba chake. Kimtoshe kusimama na kugeuka, basi. Kikizidi sana anarushwarushwa kila kona. Na lori la shaba likisimama ghafla mbele yako, mbwa aliye huru kwenye kiti cha nyuma anakuja kichwani kwako kama jiwe. Kama bei ya dukani imekutisha, tafuta fundi wa kuchomelea kule mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, mpe vipimo.

Mzee_wa_Likasi
Siku hizi mbwa anapanda gari na mwenye mbwa anatembea kwa miguu. Mbwa ni wa kulinda nyumba. Mwachie atakayepanga hapo, ukifika Kolwezi utapata mwingine. Mimi nimehama mara nne na sikuwahi kuhamisha mbwa.

Yaya_Mado
Papa, kwa heshima yako, na hao mbwa wanne walikwenda wapi?

Mzee_wa_Likasi
Walibaki na nyumba zao.

Papa_Volan
Kwa habari ya kidonge, acheni niseme, maana yalinipata mimi.

Nilikuwa naendesha familia moja, tunakwenda Kolwezi hiyohiyo. Mbwa wao mkubwa, rangi ya kahawia, jina sitaji. Mwenye mbwa alinunua vidonge kwa mtu fulani, hakuna cha kupima uzito wala nini, akambania viwili ndani ya kipande cha michopo. Kweli, mbwa akalegea. Tukambeba kama gunia la makala, yaani mkaa. Mama akafurahi, akasema ona, amelala. Mimi nikamtazama kwenye kioo: macho wazi. Hakulala yule. Mate yanatiririka, mwili hauna nguvu, lakini masikio kila lori likipita yanatetemeka.

Tulipita Likasi salama. Mbele kidogo mtoto akataka kwenda haja ndogo, nikasimama kando. Mlango wa nyuma unafunguliwa, na wakati huohuo lori likapiga honi, unajua zile honi zao. Mbwa ambaye hakuweza kusimama Lubumbashi akaruka juu ya mtoto, akaanguka, akainuka, akaingia porini anayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Watoto wanalia. Mimi nimevaa viatu vya mjini, natafuta mbwa kwenye majani makavu, na joto la mwezi wa kumi! Nilitafuta saa tatu nzima. Vijana wa wachoma makala ndio waliomwona amelala chini ya mti, wakataka pesa, na haki yao. Nilipomshika akaniuma hapa kwenye kiganja. Nikaanza tena safari nyingine, ya sindano za kichaa cha mbwa, kwa sababu mwenye mbwa hakuwa hata na karatasi ya chanjo.

Kovu liko mpaka leo. Mtu akiniambia kidonge cha mbwa, namwonyesha mkono.

Mwana_Kamalondo
Pole papa. Lakini kosa hapo si kidonge, kosa ni mlango kufunguliwa mbwa hana kamba.

Papa_Volan
Wewe ulikuwepo?

Veto_UNILU
Niko mwaka wa mwisho kwenye kitivo cha utabibu wa mifugo. Papa Volan ameeleza vizuri kuliko mwalimu. Kuna dawa ya zamani, asepromazini, watu wengi wanaiita ya usingizi. Inalegeza mwili na kushusha presha ya damu, lakini woga unaweza kubaki palepale kichwani, na wengine wanazidi kushtuka kwa sauti. Ndiyo maana siku hizi haipendwi kutumiwa peke yake kwa mbwa mwoga.

Haina maana kwamba dawa zote ni mbaya. Kwa anayetapika kuna maropitanti, hupewa kama saa mbili kabla ya kuondoka. Kwa woga daktari anaweza kuchagua trazodoni au gabapentini, akishampima mbwa uzito na moyo, na dozi ya kwanza inajaribiwa nyumbani siku nyingine, mkiwa mmetulia, si asubuhi ya safari. Dawa zenu za binadamu ziacheni kabatini. Parasetamoli peke yake inatosha kuharibu ini la mbwa.

Kitoko, nijibu moja: mate yanaanza gari likitembea, au hata injini haijawashwa?

Kitoko_BelAir
Samahani, umeme ulikatika toka jana. Ni mbwa wa kienyeji, dume, miaka mitatu, kilo labda ishirini na tano. Gari ni Ipsum. Tunaondoka baada ya siku kumi na sita. Mate yanaanza injini ikiwa imezimwa, hata kabla hajaingia.

Gari amepanda mara mbili. Mara ya pili kwa sindano. Mara ya kwanza ndiyo alipoletwa kutoka Kasumbalesa, mdogo, ndani ya mfuko kwenye buti ya taksi. Hilo sikulisema mwanzoni kwa sababu ninaona haya.

Yaya_Mado
Mfuko! Kwenye buti! Halafu tunashangaa mbwa anaogopa.

Veto_UNILU
Basi ni woga kwanza, kichefuchefu labda kinafuata. Kwake gari maana yake ni giza halafu sindano. Lifanye liwe na maana nyingine. Leo usimwingize. Fungua milango yote ya Ipsum uani, injini kimya, mpe chakula chake kando ya gurudumu. Kesho bakuli lisogee mlangoni. Akila bila kutetemeka, liingie ndani. Halafu injini iwashwe, mkae tu. Halafu mtoke getini mrudi. Halafu mzunguko mmoja wa mtaa, muishie mahali anapopapenda. Akianza kupiga miayo na kulamba midomo ovyo, umekwenda haraka, rudi hatua moja. Usimvute kwa kamba hata siku moja.

Siku kumi na sita ni chache kwa mbwa huyu, sikudanganyi. Mzoeze, lakini mwone na daktari wiki hii pia.

Yaya_Mado
Na kizimba?

Veto_UNILU
Mbwa aliyeletwa ndani ya mfuko, mama, ukimfungia kwa haraka utamkumbusha mfuko. Kwa siku zilizobaki ningechukua mkanda wa kifuani unaofungwa kwenye mkanda wa kiti.

Yaya_Mado
Wangu pia mmoja alitupwa jalalani. Leo analala kizimbani anakoroma. Tusimalize maneno.

Papa_Volan
Ongezeni hii: kama kilometa mia tatu na malori njia nzima, ondokeni alfajiri. Asishibe kabla ya safari, maji kidogokidogo. Na mkikwama kwenye foleni ya peaji, pale pa kulipia barabara, msimwache ndani mmefunga vioo mkanunue mahindi. Nje nyuzi 30, ndani nusu saa inapita 45. Mbwa hana jasho kama letu.

Mzee_wa_Likasi
Zamani tungemweka kwenye garimoshi, habari imekwisha.

Mwana_Kamalondo
Garimoshi hilo angefika amezeeka, papa.

Mzee_wa_Likasi
Na sisi tulifika. Kitoko, nyumba umepata Kolwezi? Wanapandisha bei wakisikia unatoka Lubumbashi. Usitume dola kwa simu kabla hujaona ufunguo.

Kitoko_BelAir
Nyumba bado, papa. Kuna moja ya vyumba vitatu lakini mwenyewe hataki mbwa.

Yaya_Mado
Ngoja. Mwenye nyumba hataki mbwa, na sisi tuko hapa siku tatu?

Kitoko_BelAir
Ninaendelea kutafuta. Jioni hii nimeweka sombe na kichwa cha samaki mlangoni mwa Ipsum. Ameweka miguu miwili ya mbele ndani, amekula, ya nyuma ikabaki chini, tayari kukimbia.

Papa_Volan
Na zimebaki siku ngapi?

Kitoko_BelAir
Kumi na tatu.