Jibu: Fomu ya taarifa za dharura chuoni

Ndugu wanajumuiya,

Binti yangu anahamia bwenini mwezi Agosti, na chuo kimemtaka aandikishe namba ya simu ya kupokelea taarifa za dharura. Yeye anaona ni usumbufu. Je, jambo hili lina uzito?

Mzazi, Minnesota

---

Dada yangu,

Lina uzito, na historia ya vyuo vya huku Marekani inaeleza kwa nini. Tarehe 1 Agosti 1966, mwanafunzi aliyewahi kuwa askari alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, akawamiminia risasi watu waliokuwa chini kwa zaidi ya saa moja na nusu, na redio ya mjini ndiyo iliyowasihi watu wakae mbali.

Lakini tukio lililobadilisha taratibu ni la Chuo Kikuu cha Virginia Tech, 16 Aprili 2007, ambako waliuawa watu 32. Wawili wa kwanza walipigwa risasi bwenini yapata saa 1 na robo asubuhi. Polisi walidhani ni ugomvi wa watu wanaofahamiana, hivyo barua pepe ya kwanza ya tahadhari ilitumwa karibu saa 3 na nusu, na muda mfupi baadaye muuaji akaanza kufyatua risasi ndani ya Norris Hall, jengo la madarasa, ambako aliua watu 30. Humo ndimo Profesa Liviu Librescu, aliyenusurika maangamizi ya Wayahudi barani Ulaya, alipouzuia mlango hadi wanafunzi wake wengi wakatoka madirishani, yeye akafa.

Sheria ya Clery ya mwaka 1990 ilikuwa tayari inavidai vyuo vitoe tahadhari kwa wakati. Mwaka 2008 Bunge la Marekani likaongeza kwamba dharura itangazwe mara tu inapothibitishwa, na mfumo ujaribiwe kila mwaka. Fomu ya binti yako imetokana na hapo. Sisemi kwamba ujumbe huzuia risasi: katika Chuo Kikuu cha Michigan State, Februari 2023, tahadhari ilitoka usiku uleule huku mshambuliaji akitafutwa, na bado wanafunzi watatu walikufa. Walio katika majengo mengine, hata hivyo, walipata kujua kwamba wajifungie. Aandike namba anayoitumia sasa, si yako wala ile aliyoombea nafasi, na akibadilisha laini airekebishe siku hiyohiyo.

Mwanajumuiya, Virginia

---

Naongezea kwa wenye watoto Texas. Tangu 1 Agosti 2016, miaka 50 kamili baada ya tukio la mnara, mwenye leseni anaruhusiwa kuingia na bastola iliyofichwa katika vyuo vikuu vya umma, isipokuwa maeneo ambayo chuo chenyewe kimeyazuia. Maeneo hayo hutofautiana, kwa hiyo ulizeni kuhusu mabweni kabla ya kulipia chumba. Vyuo binafsi viliruhusiwa kujitoa, na karibu vyote vilijitoa.

Mzazi, Houston