Kwa nini lobelia moja hufa baada ya kuchanua, na ndugu yake huendelea kuishi?

Mwalimu wa Nyeri

Habari zenu, ndugu. Mwezi uliopita niliwapandisha wanafunzi wangu Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, nasi tukaona lobelia, mimea mikubwa ya mlimani, za aina mbili zinazoishi karibu karibu. Kwenye mteremko mkavu wenye mawe palikuwa na Lobelia telekii, yenye mkungu wa maua uliojaa manyoya na kunizidi kimo, na kando yake mwenzake aliyekwisha kuchanua amekauka wima. Chini bondeni, penye tope, Lobelia keniensis ilikuwa imechanua tawi moja, lakini mashada mengine ya majani yalikuwa hai, kila moja limekinga maji yaliyofanya utando wa barafu. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini ile ya kwanza izae mara moja na kufa. Nilimjibu kwamba ndivyo zilivyoumbwa, na jibu hilo limenikera tangu siku hiyo.

Mtafiti wa Mimea

Mwalimu, chanzo ni maji. Akiba ya mmea ni moja, na kinachokwenda kwenye mbegu hakijengi tena jani wala mzizi. Truman Young, aliyezichunguza lobelia hizo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kadiri mahali panavyokuwa pakavu, ndivyo mmea unavyokaa muda mrefu kabla ya kuchanua tena, na ndivyo uwezekano wa kufa katikati unavyoongezeka. Kwa telekii, ambayo hukua kwa miongo kadhaa kabla ya kuchanua, kubakiza akiba kwa ajili ya msimu ambao huenda isiufikie ni hasara. Ikimwaga yote mara moja hupata mbegu nyingi zaidi. Keniensis ya bondeni ina matumaini ya kuufikia msimu ujao, ndiyo maana hujibakizia.

Mkulima wa Korogwe

Hata mkonge wetu uko hivyo. Ukishatoa mlingoti, hautoi jani jipya. Nguvu zote hupanda juu kwenye maua na miche midogo, kisha shina linakufa.

Mwalimu wa Nyeri

Nashukuruni sana. Lakini je, ina maana kila penye ukame viumbe huzaa mara moja tu?

Mtafiti wa Mimea

La, hasha. Linaloamua ni nani yumo hatarini zaidi, mzazi au mtoto. Pale ambapo miche mingi hufa lakini mmea mkubwa ukishasimama hauangushwi kwa urahisi, kuzaa kidogo kidogo kwa miaka mingi ndiko kunakofaa. Tazama upande wa pili samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, kama yule wa Unguja: dimbwi la mvua likikauka wazazi wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope yakingoja mvua. Samaki huyo hana sababu ya kujitunzia uzee, hivyo hukua upesi na kutaga mapema.

Mwalimu wa Nyeri

Basi mwakani tutahesabu mashada hai ya kila keniensis, kuanzia bondeni kupanda hadi penye mawe.