Naomba ushauri: baa za Kiairishi mjini Brussels kwa mgeni asiyetumia kilevi

Mhasibu wa Tabata

Wakuu, salaam. Mwezi ujao nitasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Brussels kwa mafunzo ya kikazi ya wiki kadhaa. Ratiba tuliyotumiwa inaonyesha kuwa jioni ya siku ya kwanza washiriki wote watakutana katika baa moja ya Kiairishi, yaani ya mtindo wa Ireland, iliyo karibu na ofisi za Umoja wa Ulaya, na mwenzangu aliyewahi kuhudhuria mafunzo hayo ananiambia kuwa wao walikuwa wakienda huko karibu kila jioni. Jambo hili limenishangaza, kwa kuwa mji ni wa Wabelgiji, washiriki wengi wanatoka Afrika na Asia, lakini mahali pa kukutania ni pa Waairishi.

Mimi ni mwanamke, situmii kilevi, sili nguruwe, na hata hapa nyumbani sina mazoea ya kukaa baa; nikipita Sinza jioni huishia kununua mishikaki na kuondoka zangu. Naomba waliowahi kufika katika baa za namna hii ugenini wanieleze ni mahali pa aina gani, mtu kama mimi anakaaje humo bila kuonekana kituko, na kama kuna sababu ya maana ya kwenda huko badala ya kuutembelea mji wenyewe.

Mzee wa Melini

Mwanangu, nimefanya kazi ya ubaharia hadi nikastaafu, na katika miji mingi tuliyotia nanga nimezikuta baa hizi, zikiwa na milango ya mbao iliyopakwa kijani na jina la ukoo fulani juu yake. Naomba nianze na historia, kwa sababu ndiyo itakayokuondolea mshangao.

Waairishi ni watu waliotawanyika. Njaa kuu iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi, kati ya 1845 na 1852, iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja kutoka katika kisiwa chao, wengi wao wakielekea Marekani na Uingereza. Walikokwenda walifungua baa zao. McSorley's ya New York, ambayo wenyewe wanasema ilianzishwa 1854, ipo hadi leo. Hizo ni baa zilizozaliwa na wahamiaji. Hiyo utakayoifikia Brussels huenda ikawa na asili nyingine kabisa. Mwaka 1990 msanifu majengo wa Dublin aitwaye Mel McNally alianzisha kampuni inayojiita Irish Pub Company, ambayo kwa kushirikiana na watengenezaji wa Guinness, bia nyeusi ya Ireland, ilianza kuuza baa nzima nzima kwa wawekezaji wa nchi za nje. Mteja huchagua mtindo anaoutaka, uwe wa nyumba ya shambani, wa duka la kijijini, wa kiwanda cha bia au wa enzi za Malkia Victoria, kisha kaunta, makabati, vioo na hata vikorokoro vya kutundika ukutani hutengenezwa Ireland na kusafirishwa kwa kontena. Guinness walinufaika kwa sababu palipofunguliwa baa ya namna hiyo, bia yao nayo iliuzika. Kwa hiyo ukiona baiskeli kuukuu imening'inizwa darini, usidhani kuna babu wa Kiairishi aliyefika nayo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kuwa yote ni maigizo. Vitu vimenunuliwa, lakini utaratibu wa kukaa ni wa kweli, nao ndio unaomfaa mgeni. Unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa papo hapo, kisha unakaa unapotaka kwa muda unaotaka. Mara nyingi hakuna mhudumu anayekusimamia kichwani akisubiri uagize tena, na mtu aliyekaa peke yake na gazeti haulizwi anamsubiri nani. Kwa Brussels kuna sababu ya ziada. Mji una lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na kuchagua lugha huko ni jambo lenye siasa zake. Ongeza na watumishi kutoka nchi zote za Umoja wa Ulaya, na utaona kwa nini watu wanapenda mahali ambapo Kiingereza kinazungumzwa tangu mlangoni na ambapo hakuna hata mmoja aliye mwenyeji kuliko mwenzake. Nadhani waandaaji wenu wamefikiria hivyo, au wameiga tu waliowatangulia.

Kipimajoto

Namheshimu Mzee, lakini hapa naomba kutofautiana naye. Ubelgiji ina utamaduni wa bia ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Kuna bia zinazotengenezwa chini ya usimamizi wa watawa Watrapisti, na Brussels yenyewe ina lambiki, bia inayochachushwa na hamira ya mwituni inayoelea hewani, ndiyo maana huko Cantillon, kiwanda cha familia kilichoko Anderlecht tangu 1900, hupika katika miezi ya baridi tu. Mtu kutoka Dar es Salaam akafika mji kama huo, kisha akae mbele ya glasi ya Guinness, ambayo hata hapa kwetu inapatikana, kwangu ni safari iliyopotea.

Kwa haki ya mjadala nikiri kwamba Guinness ya kule si hii ya chupa. Ile ya bomba huwa na kilevi cha asilimia 4 na kidogo, wakati toleo kali la chupa lililozoeleka Afrika ni zito zaidi, na kwa Nigeria hufika asilimia 7.5. Ile ya bomba pia husukumwa na gesi ya naitrojeni, ndipo povu lake linakuwa laini kama maziwa, na mhudumu hujaza robo tatu ya glasi, huiacha itulie, kisha humalizia. Usimharakishe. Na usiombe ya moto, kwa sababu bomba halina ya moto.

Bi. Kisutu

Ndugu Kipimajoto, dada amesema hatumii kilevi, nawe unampeleka kiwandani!

Dada Mhasibu, nimesoma Ireland na baadaye nikaishi Brussels, kwa hiyo nitajibu lile uliloliuliza hasa. Waairishi ni miongoni mwa watu wanaokunywa chai nyingi zaidi duniani, na kuagiza chai ndani ya baa yao si kituko hata kidogo. Utaletewa birika na maziwa pembeni, ingawa usitarajie iliki wala tangawizi. Soda na maji vipo, na siku hizi ipo hata Guinness isiyo na kilevi, lakini ile ni bia kwa ladha na kwa sura, na kama unaacha kilevi kwa sababu za dini utaamua mwenyewe.

Linalohitaji uangalifu ni chakula. Kifungua kinywa cha Kiairishi ni nguruwe karibu chote: soseji, nyama ya kukaushwa kwa chumvi, hata soseji ya damu. Mchuzi wao wa asili hupikwa kwa kondoo na viazi, na kwa kuusikia hivyo mtu anaweza kudhani uko salama, lakini baa nyingi za ugenini huweka Guinness katika mchuzi wa ng'ombe na katika pai ya nyama, tena wakati mwingine bila kuandika kwenye menyu. Uliza jikoni, na samaki ndiye wa kukimbilia. Viazi vya kukaanga navyo uulize, kwa sababu Wabelgiji kwa desturi huvikaanga kwa mafuta ya ng'ombe, ambaye huwezi kujua alichinjwaje. Sisemi haya kukutisha. Mimi nilikula vizuri sana huko. Nilikuwa nauliza tu.

Jambo la pili ni raundi. Wakikaa watu wanne, kila mmoja hununulia meza nzima kwa zamu, na anayeondoka kabla ya zamu yake hufahamika kwa hilo kama anavyofahamika hapa kwetu mtu anayepotelea msalani bili ikija. Asiyekunywa huumia, kwani hununua bia tatu za wenzake na kupata chai moja. Dawa yake ni kusema mapema, kabla ya mtu wa kwanza kuinuka, kwamba utajinunulia mwenyewe. Hakuna atakayekasirika.

Kuhusu uanamke, zamani baa hizi hazikuwa zetu. Ireland kulikuwa na vijichumba vilivyozibwa kwa mbao pembeni mwa kaunta, ambamo mwanamke aliweza kuketi bila kuonekana, na hiyo McSorley's aliyoitaja Mzee iliwaruhusu wanawake mwaka 1970 baada ya kulazimishwa na sheria. Vijichumba hivyo bado hutengenezwa katika baa za kisasa, na ukikikuta kimoja kiko wazi kichukue, kwa kuwa ndicho chenye utulivu kuliko pote.

Nenda ile siku ya kwanza, kwa sababu majina ya wenzako utayajua pale na si darasani. Baada ya hapo chagua jioni zako, na Jumamosi asubuhi nenda soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle.

Mhasibu wa Tabata

Nawashukuru sana, Mzee wangu, Bi. Kisutu na hata Kipimajoto. Hilo la raundi sikulifikiria kabisa, na posho yetu si kubwa. Nimebakiwa na swali moja, ambalo kwa kweli ni la mume wangu. Anataka kujua kama huko nitaweza kuangalia Ligi Kuu ya Uingereza, maana nyumbani tunaangalia pamoja na ameomba tuendelee kwa simu.

Mzee wa Melini

Bila shaka, bila mpira baa nyingi za namna hiyo zingefungwa. Kuna jambo watu hawalijui: mechi za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja ndani ya Uingereza yenyewe, ili kulinda viwanja vya timu ndogo, lakini katazo hilo haliihusu Ubelgiji. Kwa Brussels mechi hizo huanza saa kumi jioni mwaka mzima. Kwenu Tabata ni saa kumi na moja wao wanapokuwa katika majira ya joto, na saa kumi na mbili wakisharudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo mwambie mume wako aangalie tarehe kabla ya kupiga. Fika nusu saa mapema upate kiti. Ukikuta skrini moja inaonyesha watu wanaokimbizana na magongo, huo ni mchezo wa jadi wa Waairishi, na usithubutu kuomba wabadilishe chaneli. Simba na Yanga utaitafuta kwenye simu yako.